Udongo wa Paa Mbele ya Goli

Mke wangu hakuwahi kuniona nikicheza. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikera miaka yote ya ndoa yetu, ambayo kwa mengine imekuwa ndoa nzuri. Nikimwambia mgeni sebuleni kwamba niliwahi kuwa kipa wa mpira wa magongo, tena kipa aliyelipwa mshahara kwa kazi hiyo, mgeni hugeuka kumtazama mama mwenye nyumba ili apate uhakika. Naye hainui hata uso kwenye ungo wake. "Mimi nilimkuta karani," husema. Mgeni hucheka, nami hubadilisha mazungumzo.

Nilizaliwa Kolo, kule Kondoa, kwenye vilima ambavyo wageni huvipanda kwa jasho jingi kwenda kutazama michoro ya kale miambani. Sisi tulipita chini ya miamba hiyo na mizigo ya kuni kichwani, hatukuona cha ajabu. Baba alilima uwele na karanga, na pembeni akafanya biashara ndogo ya asali. Kijijini kwetu hakuna aliyewahi kusikia habari za mpira wa magongo. Mimi niliukuta sekondari ya bweni, kwa mwalimu wetu wa hesabu, Singasinga mrefu mwenye kilemba cheupe, aliyekuja uwanjani siku moja akiburuta gunia. Ndani mlikuwa na magongo yaliyopinda ncha na mipira myeupe, migumu, ya kutosha kiganjani. Tuliugonga mmoja kwa ukucha tukadhani ni jiwe lililopakwa rangi.

Alivyonichagua kuwa kipa ni jambo ninalopenda kulisimulia. Alitupanga mstari, akasimama mbele yetu na vipande vya chaki, akaanza kuturushia usoni mmoja mmoja bila kusema neno. Aliyepepesa macho alipelekwa kuwa mshambuliaji, maana huko mtu anaweza kukwepa na asijulikane. Mimi sikupepesa. Wala sikuwa shujaa. Nilikuwa mzito tu wa kung'amua mambo, na chaki ilinipata kabla sijajua kwamba nimerushiwa. Mwalimu hakulijua hilo. Akasema, "Wewe utakaa golini," na golini nikakaa ujana wangu wote.

Nilipomaliza kidato cha nne nilichukuliwa na shirika moja la umma Dar es Salaam. Enzi hizo mashirika yalikuwa na timu za michezo ya kila aina, na kijana aliyejua kucheza hakuhangaika kutafuta ajira. Kwenye karatasi nilikuwa karani wa stoo. Stoo yenyewe niliijua kwa harufu kuliko kwa kazi, maana asubuhi nilipiga saini na mchana gari lilikuja kutuchukua kwenda mazoezini. Mshahara haukuwa wa kujengea ghorofa. Lakini nilikuwa nalipwa kwa kusimama mbele ya goli, na sijapata tena kazi iliyonifanya niamke kabla ya kuamshwa. Nyingine zote nilizifanya kwa kuwa ni lazima mtu ale.

Nisiwadanganye, raha yake ilikuwa na maumivu. Pedi za miguuni tulishonewa na fundi wa viti vya magari, zikajazwa sufi, na mvua ikinyesha zilikunywa maji hadi nikawa natembea kama bata. Usoni hatukuvaa kitu. Mpira wa magongo ukipigwa barabara hauonekani, unasikika tu, na kazi yako ni kuwa umeshafika pale utakapopita. Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havikunjiki mpaka leo, na nyusi yangu ya kushoto ina mstari wa mshono katikati. Nilichokihofia kuliko vyote ni kona fupi. Mpira unatolewa pembeni ya goli, mmoja anausimamisha, mwingine anaupiga kwa nguvu zote alizojaliwa, na kipa yuko hapo hapo mbele yake, hana pa kwenda. Wapinzani wakipewa kona fupi wenzangu walishika vichwa. Mimi nilihofia, na papo hapo nikafurahi kama mtu aliyeitwa mbele kupokea zawadi.

Timu ilinifikisha mbali. Nilipanda treni mpaka nikazijua stesheni kwa harufu ya vyakula vyake, na mara moja nilipanda ndege. Tulialikwa nchi moja ya baridi, mashariki mwa Ulaya, zama zile za urafiki wa mataifa, na waliotualika walisahau kutuambia kwamba tutafika viwanja vyao vikiwa vimefunikwa na theluji. Mechi hazikuchezeka. Tulishinda hotelini tukicheza karata na makoti ya kuazima mwilini. Hatimaye wenyeji, kwa aibu, wakatupeleka kwenye jumba kubwa kutazama mpira wao wa magongo, unaochezwa juu ya barafu.

Mchezo wenyewe sitauelezea sana, siku hizi kila mtu ana simu na anaweza kuutazama. Wachezaji wanateleza kwa viatu vyenye vyuma vikali chini, na badala ya mpira wana kisahani cheusi kigumu. Nitakayeeleza habari zake ni mzee aliyekuwa akitunza funguo za jumba lile. Alikuwa kipa wa kulipwa wa mchezo huo miaka ile baada ya vita kuu, wakati makipa wao nao walicheza uso wazi. Alipoambiwa kwamba mimi ni kipa alinishika mkono akanitenga na wenzangu, akaniingiza kwenye chumba chake, akanimiminia chai ya rangi. Mkalimani alibaki nje na hatukumhitaji. Mzee alipitisha kidole usoni mwake, kovu baada ya kovu, paji, shavu, kidevu, na kila alipofika alitoa sauti ya pigo kwa mdomo: pa! Nikamwonyesha nyusi yangu. Akaitazama kwa heshima. Nikamwonyesha vidole. Akanionyesha vyake, vibaya zaidi. Kisha akayatoa meno yake ya mbele, yote kwa mpigo, akayaweka mezani kando ya bakuli la sukari. Mimi meno yangu nilikuwa nayo kamili na niliona haya, kana kwamba nimefika kazini sijaoga. Tulicheka mpaka wenzangu wakaja kuchungulia mlangoni. Baadaye alinipeleka kwenye barafu na viatu vyangu vya kawaida, akanisimamisha golini, na kabla hajaniachia mkono vizuri nilikuwa nimelala chali.

Mke wangu anaiamini habari hii yote. Barafu ameiona kwenye televisheni. Meno nayo anayaamini, na huwasimulia wajukuu utadhani alikuwepo. Kinachomshinda ni mimi golini.

Kosa si lake. Nilimpata baada ya mambo kwisha. Shirika lilipobinafsishwa timu ndiyo ilikuwa ya kwanza kufutwa, nami nikarudi nyanda za kati, nikapata ukarani wa kweli kwenye ghala moja Kibaigwa, kwenye soko la mahindi. Yeye alikuwa dalali pale, Mgogo wa kijiji kisicho mbali na soko, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha lori. Tulianza kwa kutaniana. Yeye alisema Warangi kwa kujisifu hatujambo; mimi nikasema Wagogo hawasifii kitu mpaka wakishike mkononi. Mzaha ukazaa posa. Wazee wa pande zote mbili walinuna, wa kwetu kwa sababu ya msikiti na wa kwao kwa sababu ya kanisa, kisha wakala pilau sinia moja na kununa kukaisha. Picha zangu za magongo nilizihifadhi kwenye sanduku la mbao, na masika moja, kabla sijamwonyesha, mchwa wakaingia wakaila timu nzima. Nilipofungua nilikuta vumbi na kipande cha picha chenye nguzo ya goli. Tangu hapo sikuwa na ushahidi wowote.

Sasa watoto wana kwao, na sisi wawili tunaishi Area D, Dodoma mjini. Ni maisha mazuri. Asubuhi nanunua maandazi kwa mama wa kona, jioni tunakaa barazani tunahesabu bajaji zinazokosea njia. Mwaka jana, tukiwa hapo hapo barazani, mwalimu wa michezo wa sekondari ya wasichana iliyo jirani alikuja kubisha hodi. Alikuwa binti mdogo, hata ualimu wake bado ulikuwa na rangi mpya.

"Shikamoo babu. Mwenyekiti wa mtaa ameniambia unaujua mpira wa magongo. Shule imepewa msaada wa magongo na hakuna anayejua hata pa kuyashika."

"Marahaba mwanangu," nikasema. "Kaa."

Mke wangu alimletea kiti, akanitupia jicho. "Haya, baba. Umepata watu."

Nilikwenda shuleni kila jioni. Wale wasichana hawakujua kitu, na kutojua kwao kuliniburudisha. Walikuwa wakali, wenye vicheko, na mmoja wao, binti mwembamba mwenye mikono mirefu, alikuwa na pigo ambalo sikuwa nimelisikia tangu nilipoacha kucheza. Mpira ukitoka kwake ulilia. Nilirudi nyumbani nimejaa vumbi na hamu ya kula. Mke wangu alisema nimeanza kupiga mluzi bafuni.

Kilichonitia wasiwasi ni goti la kulia. Lilikuwa likivimba, nikaenda hospitali, na daktari akatazama picha akasema kwa upole kwamba goti limekwisha, litafunguliwa na kuwekewa la bandia baada ya mavuno, na kuanzia hapo nisahau habari za kupiga magoti na kurukaruka. Niliposikia "baada ya mavuno," mimi niliwaza kabla ya mavuno. Nilijua nina nafasi moja. Siku ya kufunga shule mwalimu alikuwa amepanga wasichana wacheze wao kwa wao mbele ya wazazi, timu mbili, na timu moja haikuwa na kipa.

Nilimwambia mke wangu tukiwa tunakunywa uji.

"Mama, nataka unione golini. Mara moja tu, kabla goti hili halijafunguliwa."

Alishusha kikombe. "Utaumia, mzee wangu."

"Nitaumia."

"Na ukiumia nani atakubeba?"

"Wewe."

Akaguna. Nimeishi naye vya kutosha kuijua miguno yake, na huo ulikuwa wa kukubali. Nilifurahi mno, nikaongeza sukari kwenye uji ulioisha.

Basi mkuu wa shule akaja kutazama mazoezi, na mpira mmoja ukagonga kokoto ukaruka ukapita karibu na sikio lake. Hakupandisha sauti. Alisema hakuna mechi mbele ya wazazi mpaka mbele ya magoli pasawazishwe, maana hataki kurudisha mtoto wa mtu nyumbani bila jicho. Alikuwa na haki. Uwanja wenyewe ulikuwa wa changarawe na mashimo ya kwato. Nilirudi nyumbani kichwa chini, nikamweleza mke wangu kwamba mambo yameharibika.

Kesho yake alivaa viatu akaja kuutazama uwanja mwenyewe. Aliuzunguka mkono kiunoni, akasukuma kokoto kwa ncha ya kiatu. "Hapa hata kuku akikimbia anavunjika mguu," akasema. Kisha akainama, akapapasa ardhi kwa kiganja kama anavyopapasa kitambaa dukani. "Uwanja mzima hatuuwezi. Lakini hizi nusu duara zenu mbele ya magoli, hii ni kazi ya kusiriba. Ni paa tu limeshuka chini."

Asiyejua nyumba za Wagogo nimweleze. Nyumba yao ya asili ni tembe, fupi, ya miti na udongo, na paa lake ni bapa, nalo ni la udongo vilevile. Kulisiriba paa hilo mpaka lisipitishe maji ni ujuzi, na mke wangu aliupata kwa mama yake kabla hajaota meno ya ukubwani. Alikodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akaenda kijijini kwao, akarudi na wadogo zake wawili wa kike na shehena ya udongo wa mfinyanzi kutoka mbugani. Nilipouliza udongo ule mbona una weupe weupe, wote watatu walinicheka.

"Huo weupe ndio dawa," akasema mke wangu. "Ukikauka huu ni simenti. Nyumba ya baba ilikuwa na paa la udongo huu huu, na mvua iligonga mpaka ikachoka."

Walifanya kazi hiyo vizuri ajabu. Waliondoa kokoto, wakamwaga udongo, wakauchanganya na samadi na majivu, wakaukanyaga kwa miguu, wakaupiga kwa mapande ya mbao, wakaulainisha kwa viganja wakienda kinyumenyume ili wasiukanyage. Wasichana waliacha vitabu wakaja kusaidia, wakafundishwa hata nyimbo zake. Ulipokauka, nusu duara zile ziling'aa. Nilitupa mpira ukaviringika hadi golini bila kuruka hata kidogo. Nimecheza kwenye viwanja vilivyotunzwa na bwana shamba mwenye digrii, havikuwa vile. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi, na shemeji zangu kwa hisani yao wakakubali kuwa ni vumbi. Mkuu wa shule alikuja, akakanyaga, akatingisha kichwa kwa kuridhika. Mechi ikaruhusiwa.

Asubuhi iliyofuata mwalimu alinipigia simu. "Babu, njoo. Kuna mbuzi wanakula uwanja."

Nilidhani kateleza ulimi. Tulipofika na mke wangu tulikuta kundi zima la mbuzi wa majirani limeinamisha vichwa kwenye nusu duara zetu, kimya, kwa adabu, kama watu kwenye karamu. Walikuwa wanalamba. Ule weupe ulikuwa chumvi. Mbuga waliyochota udongo ni ile ambayo zamani bibi zao walichujia chumvi ya chakula, jambo ambalo mke wangu na wadogo zake walilijua fika, ila hawakuwahi kuona sababu ya kulifikiria, maana maisha yao yote udongo ule waliuweka juu ya paa.

Mke wangu alisimama mdomo wazi. "Juu ya paa hawakupanda," akasema taratibu. Kisha kicheko kikamjia kutoka chini kabisa, akakaa kwenye ukingo wa uwanja akacheka mpaka akashika mbavu, na mimi, niliyekuwa nimeona kila kitu kimebomoka, nikajikuta nimekaa kando yake nacheka naye. Mbuzi hawakutujali.

Kuleta udongo mwingine haikuwezekana, siku ya kufunga shule ilishafika mlangoni. Walisiriba tena palipolambwa kwa udongo uliobaki, na hapo pakatulia, lakini mbuzi walikuwa wamekwisha kuijua njia na ulinzi ulihitajika mchana kutwa. Mwalimu akapendekeza apange wanafunzi siku ya mechi. Mke wangu akakataa.

"Wanafunzi watazame mechi yao. Udongo ni wangu, basi na mbuzi ni wangu."

Moyo ulinishuka. Mtu anayelinda mbuzi hatazami golini. Nilijiambia kwamba atakuwa akitupa jicho mara kwa mara, na kwamba mechi ni ndefu.

Siku ilifika, ya jua na upepo ule wetu wa Dodoma unaotia mchanga kwenye soda. Wazazi walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya maturubai. Nilivaa pedi nilizoshonewa na fundi wa magodoro, kofia ngumu ya pikipiki ya kuazima, na jezi ya bluu iliyonibana tumboni. Wasichana walipiga makofi. Mbuzi walikuja kutokea korongoni, nyuma ya goli langu, na mke wangu alikuwa amesimama huko na gongo moja la akiba, khanga ameifunga kiunoni kwa fundo la kazi.

Nilimwona mara moja mpira ulipokuwa upande wa pili. Beberu mmoja mkubwa alikuwa akimjaribu. Alitoka kulia, akarudi kushoto, na mke wangu, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa ameinama, magoti yamekunjwa, gongo limelazwa ardhini, anasogea naye hatua kwa hatua bila kuondoa macho. Beberu hakupita. Niliwaza kwamba lau mwalimu wangu wa hesabu angemwona, mimi ningebaki benchi.

Kipindi cha pili wenzangu walicheza rafu mbele ya goli, na filimbi ikapulizwa. Kona fupi. Aliyejiandaa kupiga ni yule binti mwembamba wa mikono mirefu. Niliisikia ile hofu ya zamani ikinijia, na ile furaha ikiifuata nyuma. Mpira ulitolewa, ukasimamishwa, akaupiga. Sikuuona. Niliusikia, na mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeshatupwa upande wa nguzo, nimenyooka ardhini mwili mzima, na mpira ukagonga pedi ukaenda nje. Uwanja ulilipuka. Mwalimu mwenyewe aliruka na filimbi mdomoni.

Nikageuka haraka kumtafuta mke wangu. Alikuwa amenipa mgongo, kamshika beberu pembe zote mbili, wanavutana.

Moyo uliniuma kuliko goti. Nasema kama lilivyokuwa: mzee mzima, wazazi wa watu wananipigia makofi, na mimi nilitaka kulia kama mtoto. Hakukuwa na nafasi nyingine. Mechi iliendelea, mpira haukunijia tena wa maana, filimbi ya mwisho ikalia tukiwa tumefungana sare. Nilikaa chini kwenye mlango wa goli nikaanza kufungua mikanda ya pedi.

Mke wangu alikuja akihema, jasho linamtiririka. "Nimesikia kelele. Kulikuwa na nini?"

"Nilizuia."

"Wewe?"

"Mimi."

Nilingoja aseme neno lake la kunitania. Hakulisema. Alinitazama usoni, nadhani akaona kilichokuwepo, maana aligeuka akamwendea mwalimu katikati ya uwanja kwa ile sauti yake ya Kibaigwa.

"Mwalimu! Rudieni ile."

"Bibi, mechi imekwisha."

"Najua imekwisha. Rudieni ile moja. Mimi sikuiona."

Wazazi walianza kucheka, kisha wakaona kwamba hachekeshi, wakanyamaza. Baba mmoja aliinuka kwenye kiti chake akaenda kusimama upande wa mbuzi. Wasichana wakarudi sehemu zao. Nikafunga mikanda upya, nikasimama. Mpira ukatolewa, ukasimamishwa, na yule binti akaupiga kwa huruma, pole pole, ukanifikia mguuni kama paka. Watu wakapiga makofi. Niliuokota nikamrudishia.

"Piga kama mwanzo."

"Babu, goti lako."

"Goti ni langu. Piga."

Alimtazama mwalimu. Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Mke wangu alikuwa amesimama kando ya nguzo, karibu kabisa, mikono ameiachia chini. Nikakunja magoti. Mpira ukatolewa. Binti akaupiga kweli, ukalia, nami nikaenda, nikatupa mguu na mkono na kila nilichobakiwa nacho. Ulipita katikati ya kiatu na nguzo, ukagonga ubao wa goli nyuma yangu, na kishindo chake kikasikika mpaka barabarani.

Nilibaki nimelala ubavu juu ya udongo wa paa. Hakuna aliyepiga makofi. Mke wangu akaja, akapiga magoti kando yangu, akaanza kunipapasa goti kuona kama limevunjika.

"Mara ya kwanza niliuzuia," nikamwambia.

"Najua."

"Hukuuona."

"Nimekuona wewe," akasema. "Ulivyosimama pale kabla haujaja, unamtazama yule binti. Mtu yule sijawahi kuishi naye."

"Ni mimi."

"Nimeona ni wewe."

Tulikaa pale chini, yeye akinikanda goti, mimi nimemwegemea bega, na wazazi wakaanza kuinuka kwenye viti. Yule baba naye alikuwa ameacha lindo lake kuja kututazama. Mbuzi waliingia kutokea korongoni, wakafika hadi kwenye ukingo wa nusu duara, wakainamisha vichwa, na hakuna aliyehangaika kuwafukuza.